Wilt akiwa hana mpira, atasimama wapi? Namna ya kupanga timu ya kikapu ya enzi zote

Barazani kwetu Mji Mkongwe, usiku baada ya Isha, kahawa ikishazunguka mara mbili, kuna bishano moja la kikapu ambalo halijapata kumalizika. Chukua wachezaji wote waliopita NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walio hai na waliotangulia, kila mmoja katika ubora wake. Panga watano wa kuanza. Unampanga nani?

Juzi ami mmoja, aliyekuwa akicheza namba nne ujanani mwake (namba moja ndiye mwenye kuongoza mpira, namba tano ndiye senta, jitu la chini ya kikapu), aliwataja watano wake bila ya kusita: Magic Johnson, Michael Jordan, LeBron James, Wilt Chamberlain na Kareem Abdul-Jabbar. Akaweka kikombe chini. "Haya, nileteeni timu ya kuwafunga hawa."

Watu kimya. Majina yale yanatisha. Wilt peke yake alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, tarehe 2 Machi 1962, na msimu ule akamaliza kwa wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Kareem aliondoka na pointi 38,387, na rekodi hiyo ilikaa mpaka Februari 2023 alipoipita LeBron, ambaye naye yumo humo humo kwenye orodha ya ami.

Kijana mmoja wa skuli akasema kwa adabu, "Ami, mimi sibishani na majina. Nauliza tu, Wilt akiwa hana mpira, atasimama wapi?"

Akachukua chaki ya kuandikia pointi za dhumna, akachora saruji ya baraza: kikapu, chumba kilicho chini ya kikapu, na upinde wa pointi tatu, ule ambao mpira ukirushwa nje yake ukaingia ni pointi tatu badala ya mbili. Kete tano za bao zikawa timu ya ami, vizibo vitano vya soda vikawa walinzi. Kareem akamweka kushoto mwa kikapu, Wilt kulia, LeBron juu na mpira. Vizibo vyote vitano akavikusanya ndani ya kile chumba. "Ami, mpitishe LeBron hapo." Ami akatazama, akamvuta Wilt mpaka kwenye kona. Kijana hakukigusa kizibo chake. "Huko nje mwache, ami. Hana la kufanya huko."

Kile kizibo ambacho hakikumfuata Wilt ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu watu wengi wanaobishana juu ya timu hizi hulinganisha ubingwa, tuzo na pointi, mambo ya mtu mmoja mmoja, na hapo bishano haliwezi kwisha. Kikapu huchezwa na watu watano na mpira mmoja. Kwa sehemu kubwa ya mchezo, kila mmoja wa hao mabingwa yuko mikono mitupu. Thamani yake wakati huo ni moja tu: je, mlinzi wake anaweza kumwacha?

Tuanze na ukubwa wa mahali penyewe. Uwanja wa kimataifa, ambao ndio vipimo vyetu hapa Zanzibar, una mita 28 kwa 15. Timu ikishambulia, watu kumi wote wanabanana kwenye nusu yake, yaani mita za mraba 210. Ukiona hesabu hiyo utasema pana. Lakini kile chumba cha chini ya kikapu kina mita 4.9 kwa 5.8 tu. Upana wake umezidi vyumba vya nyumba zetu za kizamani, vile ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Sasa watie humo Kareem na Wilt, waongeze walinzi watano wanaokaribia mita mbili au zaidi, halafu mwambie LeBron aingie na mpira mbio. Hata awe na nguvu za aina gani, ataparamia miguu ya watu.

Timu inayojua kutumia nafasi hufanya kinyume. Inawatawanya wanne nje ya upinde, kila mmoja mtu wa kuogopewa, ili walinzi wanne wavutwe mbali na kikapu. Chumba kinabaki na mtu mmoja au wawili. Mwenye mpira akimpita mlinzi wake, anakutana na uwazi. Mlinzi mwengine akikimbilia kuziba, yule aliyeachwa nje anapewa pasi na kurusha bila ya bughudha.

Na hesabu ya kurusha ni nyepesi mno, ingawa ilichukua miaka mingi watu kuikubali. Mipira 100 ya pointi mbili ikiingia 50, umepata pointi 100. Mipira 100 ya pointi tatu ikiingia 34 tu, umepata 102. Anayekosa mara 66 kamshinda anayekosa mara 50. NBA waliuweka mstari huo msimu wa 1979-80, mashindano ya kimataifa yakafuata mwaka 1984, na kwa muda mrefu makocha waliuona kama pambo. Kareem alicheza miaka kumi na mstari ukiwepo akatia mpira mmoja tu wa pointi tatu. Shaquille O'Neal naye mmoja, maisha yake yote. Wilt aliondoka NBA 1973, mstari haujafika huko.

Hapa ndipo bishano la barazani linapovurugika, kwa sababu kila mtu anacheza mchezo wake kichwani kwa sheria za zama zake. Kabla ya kutaja jina lolote, ulizaneni: tunacheza kwa sheria za mwaka gani? Jibu hubadilisha thamani ya kila mtu.

Mpaka msimu wa 2000-01, NBA ilikataza ulinzi wa zoni. Mlinzi alitakiwa awe na mtu wake; hakuruhusiwa kusimama katikati akilinda hewa. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitengeneza nafasi. Jordan alilenga pointi tatu kwa asilimia 32.7 katika maisha yake, wala haikumdhuru, kwa sababu wenzake wakijitenga upande wa pili, walinzi wao walilazimika kuwafuata hata kama hawakuwa walengaji. Akabaki na mtu mmoja mbele yake, na mtu mmoja hakumtosha. (Msimu wa 1995-96 alifikia asilimia 42.7, lakini wakati huo mstari ulikuwa umesogezwa karibu, mita 6.70 pande zote, ukarudishwa mwaka 1997. Anayeleta namba hiyo aseme na hilo.)

Kuanzia 2001-02 zoni ikaruhusiwa, ila NBA ikaweka sharti: mlinzi asiyemkaribia mtu wake asikae ndani ya kile chumba zaidi ya sekunde tatu. Sharti hilo kwenye sheria za kimataifa halipo kabisa. Watazamaji wetu wengi hawalijui hili, na linawahusu wenyewe: tunatazama NBA usiku kwenye simu, kesho yake tunateremka uwanjani kucheza kwa sheria nyingine, ambapo jitu la timu pinzani linaweza kusimama chini ya kikapu kutwa nzima bila ya filimbi. Kwetu sisi nafasi ni ghali zaidi kuliko ile ya kwenye televisheni.

Marekani walilipa bei hiyo mchana kweupe. Tarehe 15 Agosti 2004, Olimpiki ya Athens, walikutana na Puerto Rico. Kikosi kilikuwa na Tim Duncan, Allen Iverson, na vijana LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Kwa majina, ungewapa ushindi kabla hawajavaa viatu. Puerto Rico wakajaza watu ndani, wakamzunguka Duncan, wakawaambia wengine kwa vitendo: rusheni. Marekani walirusha mipira 24 ya pointi tatu, ikaingia mitatu. Wakafungwa 92 kwa 73. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Marekani kufungwa Olimpiki tangu walipoanza kuwapeleka wachezaji wa NBA mwaka 1992, na walirudi nyumbani na shaba.

Mimi nikisikia mtu anasema "hawa watano wataelewana tu, ni mabingwa", huikumbuka siku ile. Mabingwa wale hawakugombana. Walikosa pa kupita.

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa sababu unaonyesha mtu mmoja tu anavyoweza kuifunga milango ya timu nzima. Mwaka 2015 Golden State Warriors walikuwa nyuma 2-1 dhidi ya Memphis Grizzlies, kwenye mchujo ambao wa kwanza kushinda michezo minne ndiye anayepita. (Memphis hao ndio waliomchukua Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 2009, mwaka ambao Stephen Curry, nyota wa Warriors hao, alichukuliwa wa saba.) Memphis walikuwa na Tony Allen, mmoja wa walinzi wakali wa zama zake, aliyekuwa akiwasumbua Warriors mno. Kwenye mchezo wa nne kocha Steve Kerr akamkabidhi Allen kwa Andrew Bogut, senta wa mita 2.13, mtu asiyeweza kumkimbiza hata hatua mbili. Wala hakukusudiwa kumkimbiza. Bogut alibaki chini ya kikapu, akamwacha Allen peke yake nje, huku akiwazibia njia majitu ya Memphis. Allen akipewa pasi, hakuna aliyemjia. Kocha wake akalazimika kumpunguzia dakika, na pamoja naye akapoteza ule ulinzi wake. Warriors wakashinda mitatu mfululizo.

Kwa hiyo kila jina unaloliweka kwenye watano wako, mfikirie Bogut amepewa kumlinda. Akimwacha, nini kitatokea?

Lakini hapa pana mtego kwa wanaopenda namba. Asilimia peke yake haisemi kitu. Mtu anayerusha mpira mmoja kwa mchezo na kutia asilimia 40 hafuatwi na mtu. Kinachovuta mlinzi ni hofu, na hofu huja kwa wingi wa kurusha, wepesi wa kurusha na umbali wa kurusha. Curry msimu wa 2015-16 alitia mipira 402 ya pointi tatu kwa asilimia 45.4. Matokeo yake yako kwa wenzake: akivuka tu mstari wa kati, watu wawili wanamkimbilia mita tisa kutoka kikapuni, na walinzi watatu wanabaki na washambuliaji wanne. Anaweza kumaliza shambulizi bila ya kuugusa mpira tena, na bado yeye ndiye aliyefungisha.

Na wasiojua kulenga, je, watupwe? La hasha. Dwyane Wade hakuwa mlengaji wa mbali, lakini alijua kukata nyuma ya mlinzi wakati ule ule anaposahauliwa. Dennis Rodman ukimwacha, alikuadhibu kwa ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu. Aliongoza ligi kwa ribaundi misimu saba mfululizo. Wapo wanaojilipia kwa kuweka kizuizi imara mbele ya mlinzi wa mwenzao na kwa pasi ya haraka. Kanuni niliyoishika baada ya kutazama mechi nyingi ni hii: asiye mlengaji mmoja anabebeka, wawili wanabebeka iwapo mmoja wao ni mpasiaji hodari, watatu wakiwa pamoja wamekufungia mlango kwa ndani. Miami Heat walijifunza hivyo. Mwaka 2011 walikuwa na LeBron, Wade na Chris Bosh, wakafungwa fainali na Dallas ya Dirk Nowitzki, jitu la mita 2.13 lililokuwa likilenga kutoka nje. Mwaka uliofuata Bosh akachezeshwa senta kwenye fainali, Shane Battier akasimama nje ya upinde, chumba kikafunguka, wakachukua ubingwa wa 2012 na wa 2013.

Sasa tumrudie senta, maana hapo ndipo wazee wetu wanapokasirika. Wanadhani ukizungumza nafasi unawafukuza majitu. Hapana. Senta mkubwa aliye peke yake ndani ndiye anayefaidi nafasi kuliko mtu yeyote, na ushahidi wangu ni Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos. Houston Rockets wa 1994 walimweka ndani, wakamzungushia walengaji: Kenny Smith, Vernon Maxwell, Robert Horry, Mario Elie. Ukimlinda kwa mtu mmoja, anakuzungusha kwa miguu yake mpaka unapoteza dira. Ukileta wa pili, mpira unatoka nje. Walichukua ubingwa 1994, wakarudia 1995, na katika fainali hiyo ya pili waliifunga 4-0 Orlando ya Shaq kijana, Horry akicheza namba nne huku akirusha kutoka mbali. Hapa kwetu Olajuwon anapendwa kwa jambo jengine pia: alicheza na saumu yake. Februari 1995, mwezi ulioangukia Ramadhani, alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Nimewahi kuwaona vijana wakiteremka uwanjani alasiri ya Ramadhani, midomo imekauka, wakimtaja yeye.

Kwa hiyo senta wangu ni Olajuwon, na mbele ya Kareem pia. Najua uzito wa ninachokisema. Kareem na ule mrusho wake wa mkono mmoja juu ya kichwa hahitaji hata shubiri ya nafasi, na hiyo ni hoja kubwa kwa upande wake. Lakini Olajuwon ana bloku 3,830, yaani mirusho ya wapinzani aliyoizuia hewani, nyingi kuliko mtu yeyote katika vitabu vya NBA, na miguu yake inamruhusu kutoka nje kumfuata mlengaji kisha kurudi kulinda kikapu. Timu ya enzi zote itakutana na timu ya enzi zote. Huko kila mpinzani ana Curry wake au Nowitzki wake, na senta anayegandia chini ya kikapu atakuwa kila mara kachelewa hatua moja.

Namba moja Curry, kwa yale niliyokwisha kuyasema. Namba mbili Jordan. Namba tatu Larry Bird, aliyeshinda mashindano matatu ya mwanzo ya kulenga pointi tatu, 1986 mpaka 1988, na ambaye pasi zake zilikuwa zikitoka kabla macho hayajafika. Namba nne LeBron. Jordan na LeBron si walengaji wa kutisha, lakini kila mmoja hukata vizuri, hupasia vizuri, na kati yao wamesimama Curry na Bird ambao hakuna awezaye kuwaacha.

Udhaifu wake upo, nao ni ulinzi. Curry atasakwa. Magic ana mita 2.06, akimkuta Curry mbele yake atamburura mpaka chini ya kikapu kila mara. Ndiyo maana Jordan atamchukua Magic, na Curry atafichwa kwa yule anayegusa mpira kwa nadra zaidi. Bird hakuwa mwepesi wa miguu. Na dhidi ya Wilt na Kareem kwa pamoja, LeBron atabebeshwa mtu anayemzidi sana kimo.

Lakini hesabu upande wa pili. Timu yangu ikishambulia, Wilt itambidi atoke nje ya upinde kumlinda LeBron au Bird, mahali ambapo hakuzoea kusimama hata siku moja. Kareem atabaki peke yake na Olajuwon. Na mchezo ukiwa sawa dakika za mwisho, Wilt mitupo yake huru, ile anayopewa akifanyiwa madhambi, huitia kwa asilimia 51.1 tu, yaani karibu nusu inapotea. Mtu wa namna hiyo humchezeshi mwishoni bila ya wasiwasi.

Jambo hili la dakika za mwisho hulisahau wengi. Watano wa kuanza si lazima wawe watano wa kumaliza. Fainali ya 2015, Warriors wakiwa tena nyuma 2-1, walimtoa huyo huyo Bogut kwenye kikosi cha kuanza wakamwingiza Andre Iguodala wa mita 1.98, wakashinda 4-2, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali ile. Basi na mimi nina wangu wa benchi: Kevin Garnett, mita 2.11. Nikielemewa ndani na majitu ya ami, Bird anapumzika, LeBron anarudi namba tatu, Garnett anaingia. Nafasi itapungua, sikatai, lakini mtupo wake wa mita tano sita hauruhusu mlinzi kumpa mgongo, na ribaundi tutapata.

Usiku wa pili ami alikuja mapema, hata kahawa haijachemka. Akaomba chaki mwenyewe. Wilt kamtoa, namba nne kamhamishia LeBron, na Bird kamwingiza namba tatu. Kareem kabaki palepale kushoto mwa kikapu. "Sasa mwacheni Bird nje, nione."

Kijana akavipanga vizibo. Kimoja kikatoka mpaka kwenye upinde, kumfuata Bird. Chumba kikapungua mtu. Ami akatikisa kichwa, karidhika, akasogeza kete ya LeBron mpaka ndani.

"Bado mmoja, ami," kijana akasema, na kidole chake kikawa juu ya kizibo cha Magic, ambacho hakijatoka. Magic alilenga asilimia 30.3 maisha yake yote. Ami akajibu hapo hapo kwamba msimu wa 1989-90 alifika 38.4, na tumekubaliana kila mtu achukuliwe katika ubora wake. Alikuwa na haki. Kijana akakisukuma kizibo nje kidogo, nusu ya njia, akauliza Magic na LeBron nani atashika mpira. Tukaanza na hilo.